Hong Kong: kodi ni ndogo, lakini mufanyakazi anabakia na kiasi gani mufukoni?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kwanza, wafanyakazi wa Hong Kong wanalipa kodi ya mishahara yao kwa mukono wao wenyewe. Bosi hakati kitu kwa ajili ya serkali. Mwezi kisha mwezi mutu anapokea mushahara wake karibu wote, halafu siku moja barua ya ofisi ya kodi inafika, na feza inapaswa kuwa tayari. Kwa mufanyakazi wa Bukavu ao Lubumbashi, mwenye kuzoea kuona IPR na CNSS zimekwisha kukatwa hata mbele ya kugusa franka moja, desturi ile ni ya ajabu. Banki za kule zinaijua vizuri: mwaka unapokaribia kuisha zinatangaza mikopo ya kulipia kodi, kwa sababu wengi wamekwisha kula feza ile.

Hong Kong ni eneo dogo la China. Ardhi yake, visiwa vyote pamoja, inapita kidogo kilometa za mraba 1,100, maana yake haifiki nusu ya Ziwa Kivu. Ndani yake munaishi watu karibu milioni 7.5. Waingereza waliirudishia China tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka wa 1997, lakini eneo lilibakia na feza yake, sheria zake na ofisi yake ya kodi. Sheria ya Msingi inayoliongoza, katika kifungu cha 108, inataja waziwazi siasa ya kodi ndogo ya zamani kuwa mufano wa kufuata. Dola ya Hong Kong imefungwa kwa dola ya Marekani tangu mwaka wa 1983, kwa kipimo cha 7.80 hivi kwa dola moja. Kwa hiyo hesabu ni rahisi kwa msomaji wa Kongo mwenye kuwaza kwa dola: unagawanya kwa karibu 8, basi.

Kodi yenyewe inafanyika hivi. Katika mwaka wa kodi wa 2024/25, mutu asiye na ndoa hakulipa kitu juu ya dola za Hong Kong 132,000 za kwanza alizopata kwa mwaka, sawa na dola za Marekani karibu 16,900. Kisha hapo, 50,000 za kwanza zinalipiwa asilimia 2, zile 50,000 zinazofuata asilimia 6, halafu asilimia 10, halafu 14, na yote inayobakia asilimia 17. Wenye mishahara mikubwa sana wanaweza kuhesabiwa kwa njia nyingine, kwa kipimo kimoja cha asilimia 15 (16 kwa sehemu inayopita milioni 5) bila kutolewa kile kiasi kisicholipiwa kodi. Ofisi inachukua hesabu iliyo ndogo kati ya zile mbili. Hakuna TVA. Mwaka wa 2006 serkali ilijaribu kuleta kodi ya namna ile, wakaaji wakapiga kelele, na mbele mwaka haujaisha mupango ukawekwa pembeni.

Familia nayo inahesabiwa. Katika mwaka ule wa 2024/25, mutu na bibi yake walisamehewa kodi juu ya 264,000, na kila mutoto aliongeza 130,000. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wawili iliweza kuingiza dola za Hong Kong 524,000 kwa mwaka, karibu 43,700 kwa mwezi, bila kuidai serkali ao kudaiwa nayo kitu. Mwenye kutunza baba ao mama mwenye miaka 60 na zaidi anapata punguzo lingine, na punguzo lile linakuwa mara mbili kama muzazi analala chini ya paa lake. Lakini muzazi anapaswa kuwa mukaaji wa Hong Kong. Feza inayotumwa kwa wazazi walio mbali haihesabiwi.

Kitu kimoja tu ndicho bosi anakata kila mwezi: mchango wa uzee, unaoitwa MPF, ulioanza mwezi wa 12 mwaka wa 2000. Ni asilimia 5 ya mushahara toka kwa mufanyakazi na asilimia 5 toka kwa bosi, lakini sehemu ya mufanyakazi haipiti dola 1,500 kwa mwezi. Mwenye kupokea chini ya 7,100 hatoi kitu, ila bosi wake anaendelea kutoa.

Tuchukue hesabu tatu, kwa vipimo vile vya kodi vya 2024/25. Mufagiaji wa jengo analipwa kiasi cha chini cha sheria, ambacho tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka wa 2025 kiliwekwa kuwa dola za Hong Kong 42.1 kwa saa. Akifanya saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anapata 10,946. MPF inachukua 547. Kodi ni sifuri, kwa sababu kwa mwaka hafikie zile 132,000. Anabakia na 10,399, sawa na dola za Marekani 1,333.

Mufanyakazi wa biro mwenye kupokea 20,000 yuko karibu na katikati ya mishahara yote ya Hong Kong: nusu ya watu wanapata zaidi yake, nusu wanapata chini. MPF yake ni 1,000 kwa mwezi. Kodi yake ya mwaka muzima, bila kuhesabu punguzo dogo ambalo serkali inatoa miaka fulani, ni 3,760. Kwa mwezi anabakia na 18,687 hivi. Mwenye 60,000, tuseme mukuu wa kitengo fulani katika banki, anatoa MPF ya 1,500 na kodi ya 78,900 kwa mwaka. Anabakia na 51,925 kwa mwezi. Serkali imechukua kwake asilimia 11.

Kwa kulinganisha, IPR ya Kongo, kwa vipimo vilivyotumika miaka mingi, ilianza na asilimia 3 toka kwa franka ya kwanza, ikapanda 15, 30, hadi 40, ijapokuwa jumla yake haikupaswa kupita asilimia 30 ya mapato yanayolipiwa. CNSS inaongeza asilimia 5 kwa mufanyakazi. Kisha, kile kinachobakia kinaenda sokoni na kukutana na TVA ya asilimia 16.

Kazi na kazi hazilingani. Banki, asiransi, kompyuta na biro za wanasheria ndizo zinalipa vizuri zaidi, na makampuni mengi yanatoa mushahara wa mwezi wa 13 mbele ya mwaka mupya wa Wachina. Wafanyakazi wa serkali na walimu wako na vyeo vinavyojulikana na kila mutu, ila katika mwaka wa 2025/26 mishahara yao ilisimamishwa palepale. Chini kabisa kuko wafagiaji, masentineli wa majengo, wasafishaji wa sahani na wahudumu wa restora. Wale wa restora wameumia kwa njia nyingine vilevile: tangu mipaka ilipofunguliwa kisha Kovidi, watu wengi wa Hong Kong wanavuka siku za mapumziko kwenda kula Shenzhen, upande wa pili, ambako chakula ni bei ndogo.

Chantiye za ujenzi nazo zinashangaza. Mufungaji wa vyuma vya beto anaweza kulipwa zaidi ya dola za Hong Kong 2,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi anampita mwenye kuvaa tai katika biro nyingi. Ni kazi ya jua na ya mugongo, vijana wanaikimbia, ndiyo maana bei ilipanda. Lakini analipwa kwa siku. Wakati majengo ya watu binafsi yamepungua, siku nazo zimepungua, na kufikia mwaka wa 2025 ukosefu wa kazi kwa wajenzi ulikuwa mukubwa kuliko kwa wafanyakazi wengine.

Mpaka hapa mutu anaweza kusema Hong Kong ni paradiso ya mufanyakazi. Halafu inafika siku ya kulipa nyumba.

Zaidi ya watu 200,000 wanaishi ndani ya apartema zilizokatwakatwa, vyumba vidogo vilivyotengenezwa kwa kugawanya nyumba moja kwa kuta nyembamba. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2021 ilikuta zaidi ya vyumba 100,000 vya namna ile. Mwenye kulipa dola za Hong Kong 5,000 kwa mwezi kwa chumba cha mita za mraba 10 ao 11 si mutu wa ajabu kule. Turudilie mufagiaji wetu mwenye 10,399 mufukoni: nusu ya feza yake inaisha mbele hajanunua muchele. Kodi ya serkali haikumugusa, lakini mwenye nyumba amekata zaidi kuliko ambavyo IPR ingekata kwake.

Serkali inajenga nyumba za bei ndogo, na karibu sehemu moja kwa tatu ya wakaaji wanazipanga. Kuzipata kunaomba uvumilivu: mwaka wa 2025 mwenye kuandikisha jina alikuwa akingojea zaidi ya miaka 5 kwa wastani. Mwaka wa 2025 baraza la kutunga sheria lilipitisha sheria ya kukataza vyumba vilivyo chini ya mita za mraba 8. Wapangaji wanaogopa kwamba vyumba vibaya vitafungwa na vile vitakavyobakia vitapanda bei.

Nyumba ghali na kodi ndogo ni watoto wa tumbo moja, na jambo hili wageni wengi hawalioni. Ardhi karibu yote ya Hong Kong ni ya serkali, ambayo inaikodisha kwa muda murefu kwa makampuni ya ujenzi yenye kutoa bei kubwa zaidi. Feza ile iliiruhusu serkali isiguse sana mishahara. Kampuni ya ujenzi inarudisha feza yake kwa kuuza apartema ghali, na mununuzi ao mupangaji ndiye anafunga hesabu. Mwaka wa 2021/22 ardhi iliingiza zaidi ya dola za Hong Kong bilioni 140. Miaka 2 kisha hapo, soko la nyumba lilipoanguka, ilikuwa chini ya bilioni 20. Hazina ikaanza kuonyesha shimo mwaka kwa mwaka. Serkali ikaanza kupunguza nafasi za wafanyakazi wake na kupandisha vilipo vidogovidogo: kodi ya kupanda ndege ilitoka 120 na kufika 200 katika mwezi wa 10 mwaka wa 2025. Ila TVA, hakuna kiongozi mwenye haraka ya kuirudilia.

Kuko kundi moja ambalo hesabu hizi zote zinaliacha inje. Ni wafanyakazi wa nyumbani toka inchi za kigeni, zaidi ya 300,000, wengi wao wanawake wa Filipino na Indonesia. Kiasi cha chini cha saa moja hakiwahusu, kwa kuwa sheria inawapasa kulala katika nyumba ya bosi. MPF nayo hawako ndani yake. Kiasi chao cha chini kinapangwa kwa mwezi: tangu mwisho wa mwezi wa 9 mwaka wa 2025 ni dola za Hong Kong 5,100, sawa na dola za Marekani 654, pamoja na chakula ao feza ya chakula. Mukataba ukivunjika, mara nyingi wako na majuma 2 tu ya kutoka. Mwaka wa 2013 mahakama ya juu iliamua kwamba miaka yao ya kazi, hata iwe mingi namna gani, haiwapi haki ya kuwa wakaaji wa kudumu. Siku ya Mungu utawaona maelfu katikati ya muji, wameketi juu ya makartoni chini ya majengo ya banki, wanakula pamoja, wanasukana nywele, wanafunga mizigo ya kutuma kwao. Kuna mushahara mumoja wa 5,100 wenye kusomesha watoto wanne katika kijiji cha mbali, na kuna mama wa Hong Kong anayeweza kwenda kwenye kazi ya 30,000 kwa sababu mutu mwingine amebakia na mutoto wake.

Wakongomani nao wanaijua Hong Kong, lakini kwa mulango mwingine. Katika mutaa wa Tsim Sha Tsui, jengo la Chungking Mansions limepokea kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Afrika wanaotafuta telefone za kuuza rejareja, na kuko wale wanaoendelea hadi Guangzhou. Mwenye kufika kule kuomba ukimbizi anakuta mambo tofauti: Hong Kong haikutia sahihi mapatano ya mwaka wa 1951 juu ya wakimbizi, na mwenye kungojea jibu hana ruhusa ya kufanya kazi. Akikamatwa akiosha sahani ao akibeba mizigo anaweza kufungwa gereza. Mufanyabiashara, yeye, anapita juma moja, analipa chumba kidogo sana, anajaribu telefone moja moja na kufunga muzigo. Hong Kong ni bandari huru. Ushuru wa kuingiza vitu unagusa pombe, tumbaku, mafuta na aina moja ya alkoli, basi. Telefone zake zinaondoka bila kulipiwa ushuru. Kilipo chake cha kwanza cha kweli kinamungojea hapa, kwenye mupaka, mbele ya mutu wa douane.