Ua la Kwapani na Ubini Uliobadilika

Shika tawi la mchampaka, mti wa Asia wenye maua ya manjano yanayonukia hadi barabarani. Tazama pale jani linaposhikana na tawi: ua limechipuka hapo, kwapani. Sasa chukua tawi la magnolia kubwa ya kusini mwa Marekani. Ua lake jeupe, pana kama sahani, limekaa kwenye ncha.

Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita mchampaka *Michelia champaca*, akauweka mbali na jenasi ya *Magnolia*. Kwa miaka mingi mahali pa ua palikuwa alama kuu ya kutenganisha jenasi hizo mbili. Lakini mwaka 2000 mtaalamu wa magnolia Richard Figlar alieleza kwamba ua la kwapani kwa kweli liko nchani pia, ila ncha ya kijitawi kifupi mno kisichorefuka. Uchunguzi wa vinasaba nao ukaonesha kuwa yulan, magnolia ya China yenye ua la nchani, ina undugu wa karibu zaidi na mchampaka kuliko na ile ya Marekani.

Ikiwa binamu wawili wanaitwa Magnolia, huyu aliyezaliwa kati yao ataitwaje mgeni? Mwaka 2004 Figlar na mtaalamu mwenzake Hans Nooteboom waliwaingiza wote katika *Magnolia*. Familia yao ikabaki na jenasi mbili tu, hiyo na *Liriodendron*. Wataalamu kadhaa wa China walichagua njia nyingine: kuigawa *Magnolia* vipande vingi, *Michelia* ikiwemo. Pande zote mbili zinakubali undugu uleule. Vinasaba hueleza nani ni ndugu wa nani, lakini havisemi ukuta wa nyumba ujengwe wapi.

Mti unapohamishiwa jenasi nyingine hubadili jina la kwanza la kisayansi, lililo kama ubini, na kwa kawaida hubaki na la pili. Kwa hiyo ukikuta kibao bustanini kimeandikwa *Magnolia champaca* (L.) Baill. ex Pierre, itazame hiyo L. iliyo ndani ya mabano. Ni Linnaeus, aliyeupa mti jina la pili. Mabano yanakueleza kwamba alipouandika, ulikuwa katika nyumba nyingine. Ukiutafuta vitabuni, tafuta kwa *Michelia* na kwa *Magnolia*.