Jeni na Uzazi wa Mimea (3): Mlinda Mlango wa Ngano

Wiki iliyopita tuliziacha kromosomu za baba na za mama zimelala sambamba ndani ya seli ya uzazi, zikikatwa na kubadilishana vipande. Kwa mpunga hilo si gumu, maana kila kromosomu ina mwenzake mmoja tu. Ngano ya mkate ina mtihani zaidi. Ilitokana na mimea mitatu iliyochanganya damu, nayo hubeba kromosomu 42, yaani seti tatu (A, B na D) zenye jozi saba kila moja. Kwa hiyo kromosomu 5A ina pacha wake, na pia ina ndugu wa karibu, 5B na 5D, wanaofanana nayo mno. Mbona haiwachanganyi na pacha wake?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1957 na 1958, Marekani na Uingereza. Ralph Riley na Victor Chapman, kule Cambridge, walichunguza ngano iliyokosa kromosomu 5B. Humo kromosomu za seti tofauti zilishikana ovyo, nyingine zikiwa tatu kwa pamoja. Basi 5B ilibeba kitu kinachozuia ndugu wasioane. Kikaitwa Ph1.

Ilichukua miongo kadhaa kukitambua. Mwaka 2017 watafiti wa John Innes Centre, Norwich, walionyesha kuwa mhusika ni nakala ya ziada ya jeni ZIP4, iliyohamia 5B kutoka kromosomu 3B. Ajabu ni kwamba katika mimea mingine ZIP4 husaidia kromosomu kubadilishana vipande.

Kwa mkulima Ph1 ni rafiki, kwani bila yake mbegu hupungua. Kwa mzalishaji wa mbegu ni kikwazo, kwa sababu kinga nyingi dhidi ya ugonjwa wa kutu zimo kwenye nyasi pori, na Ph1 haiziruhusu kuingia, kwani huzuia kromosomu za nyasi hizo zisishikane na za ngano. Mwaka 1968 Riley na wenzake waliikwepa, wakahamisha kinga ya kutu ya manjano kutoka nyasi ya Aegilops comosa. Ernest Sears, mtaalamu wa ngano wa Marekani, naye alitumia eksirei kupata ngano isiyo na Ph1, akaitangaza mwaka 1977.

Ngano hiyo ilipata kazi mpya baada ya kutu ya shina ya Ug99 kugunduliwa Uganda mwaka 1998. Kinga za nyasi pori huja na mzigo wa jeni zinazoharibu mavuno, hivyo wataalamu huiondoa Ph1 kwa muda, ili kipande cha kigeni kikatwe kifupi, kisha huirudisha kabla mbegu haijafika shambani.