Barafu Karibu na Ikweta

Mtungi wa maji huko Itumba, wilayani Ileje, na uwanja wa barafu hutawaliwa na kanuni moja. Uwanja wa namna hiyo ulifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Nairobi. Humo ikachipuka timu ya mpira wa magongo wa barafuni, Kenya Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Je, barafu hudumuje penye joto? Mtambo hauingizi baridi, bali huondoa joto. Kioevu maalumu hugeuka mvuke na kufyonza joto la sakafu, kama maji yapenyayo kuta za mtungi yapozavyo yaliyomo. Mvuke huo hushindiliwa, ukarudi kuwa kioevu na kutoa joto nje. Umeme ukikatika, barafu huanza kuyeyuka. Mtungi huendelea kupoza.