Dinosauri Asiyechoka: Swali la Kumuuliza Mtoto Achezaye Simu

Intaneti inapokatika katika simu yenye programu ya Chrome, hutokea kwenye skrini dinosauri mdogo wa rangi ya kijivu. Kidole kikimgusa, huanza kutimua mbio jangwani, na kazi ya mchezaji ni kumrusha juu ya mimea ya dungusi kakati. Mchezo huo, uliotolewa na kampuni ya Google mwaka 2014, hauhitaji bando wala malipo. Mwaka 2018 wabunifu wake walieleza kuwa ulichezwa takriban mara milioni 270 kila mwezi, hasa katika nchi ambako intaneti ni ghali au si ya uhakika. Kwa hiyo mtoto aliyepewa simu isiyo na bando bado ana mchezo mkononi.

Michezo ya kukimbia na kuruka si mipya. Mwaka 1993 kampuni ya Sega ilitoa mchezo wa Jurassic Park, ambamo mchezaji aliweza kuchagua kuwa mwanasayansi au dinosauri mla nyama. Mchezo huo uligawanywa katika hatua. Hatua ikiisha palikuwa na kituo, na ya mwisho ikivukwa mchezo ulikuwa umekwisha. Dinosauri wa Chrome hana kituo. Akijikwaa, mguso mmoja humwinua aanze upya. Wabunifu wake walisema, kwa utani, kuwa walimpa mwisho wa takriban miaka milioni 17.

Hapo ndipo suala la afya linapoanzia. Wazazi wengi huhesabu saa, na kwa watoto wadogo hesabu hiyo ina maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri kumkalisha mbele ya skrini mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Kwa mtoto mkubwa zaidi, swali lenye uzito ni hili: je, anaweza kuacha?

Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeutambua uraibu wa michezo ya kielektroniki kuwa ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea kucheza ingawa madhara yanaonekana. Hali hiyo iwe imevuruga masomo, familia au afya, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Mtoto anayelia anaponyang'anywa simu, kisha akala, akacheza na wenzake na kulala vizuri, si mgonjwa. Anayeacha shule, chakula na marafiki kwa ajili ya simu anahitaji kusikilizwa na mtaalamu. Kiboko hakimtibu, na mara nyingine nyuma ya mchezo huo imejificha huzuni, hofu au mateso ya shuleni.

Mhudumu wa afya azingatie pia kauli ya mzazi kwamba mtoto "haitiki akiitwa" wakati wa kucheza. Aliyezama katika mchezo kwa kawaida hugeuka akiguswa bega. Asiyegeuka, anayekodoa macho kwa sekunde kadhaa au anayeshtukashtuka mikono, huenda ana kifafa, ambacho kwa baadhi ya watu huchochewa na mwanga unaomwekamweka. Huo si ukaidi wala si mapepo. Afikishwe kituo cha afya achunguzwe.

Nyumbani, kikomo kiwekwe kabla simu haijatolewa. Kwa mchezo usio na hatua, ni rahisi kwa mtoto kuelewa "mbio tano, kisha simu irudi" kuliko "dakika chache". Mzazi aagane naye, naye mzazi atimize ahadi hiyo bila kubadili masharti katikati. Usiku simu ilale mbali na kitanda, kwa maana usingizi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuibwa na mchezo. Mchana mtoto apate muda wa kukimbia nje kwa miguu yake mwenyewe; hilo huujenga mwili, na kukaa nje kwenye mwanga wa mchana husaidia kuyakinga macho yanayokua dhidi ya tatizo la kutoona mbali.