Je, Wajua? Mlima Unaotapika Magadi

Je, wajua kuwa volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi katika zama hizi iko Tanzania? Ni Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, wenye kimo cha mita 2,962. Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, na huenda kuombea mvua na uzazi huko.

Lava ya volkano nyingi huzidi nyuzi 1,000 za joto. Ya Lengai ni kati ya 500 na 600 tu. Mchana ni nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gari. Wekundu wake hauonekani mpaka giza liingie. Ikishapoa, unyevu wa hewa huigeuza nyeupe ndani ya muda mfupi, ndiyo maana wageni wengi wakiutazama mlima kwa mbali hudhani ule ni theluji. Sivyo. Weupe huo una kabonati ya sodiamu, ileile iliyomo kwenye magadi tunayotia katika maharage ili yaive upesi. Moja ya madini makuu ya lava hiyo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere.

Lakini usidanganyike na huo ubaridi wa kulinganisha: nyuzi 500 zinaunguza nyama hadi mfupa.

Wapandaji huanza safari usiku wa manane kutoka upande wa Engare Sero, wakikwepa jua la bondeni, wafike juu alfajiri. Hakuna kambi za kupumzikia njiani kama Kilimanjaro. Ni mteremko mkali wa majivu, unapiga hatua mbili unarudi moja, na karibu na kilele mikono nayo inafanya kazi ya miguu. Kushuka, kwa maoni yangu, ndiko kunakoadhibu magoti zaidi.

Zamani watu walipiga hema ndani ya kreta yenyewe, kwani lava ilikuwa imeijaza hadi ukingoni. Julai 2007 matetemeko ya eneo hilo yaliwatoa watu maofisini hadi Nairobi. Septemba mlima ukalipuka, na pale palipokuwa na uwanja pakabaki shimo refu. Siku hizi mpandaji huishia ukingoni.

Ukienda, chukua mwongozaji mwenyeji na ubebe maji ya kutosha tangu chini. Mlimani hakuna pa kuchota.