Kodi ya M-Pesa: tunabishana kuhusu shilingi 2 na kusahau 29

Kila Bajeti ikikaribia, hapa Nakuru wimbo ni ule ule: "Serikali inakula asilimia 15 ya pesa unayotuma!" Nimeusikia kwenye matatu za Molo, nimeusoma humu mara mia. Si kweli. Twende polepole. 🧵

Huo ni ushuru wa bidhaa, na unatozwa kwenye ada, si kwenye pesa yenyewe. Ukituma 1,000, ada ni 13. Ushuru ulio ndani yake haufiki shilingi 2. Ulianza na asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, ukafika 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka 20, maandamano yakauangusha.

Basi ni kelele za bure? La hasha. Mfikirie muuza viazi wa Molo. Dalali anamtumia pesa. Anatoa kwa ajenti alipe vibarua, anatuma ya lori, anatuma ya mbolea. Hela ile ile imekatwa ada mara nne kabla jua halijatua. Na kutoa 600 kwa ajenti ni 29, karibu asilimia 5! Sasa piga hesabu: kwenye hiyo 29, KRA anapata kama 4. Zinazobaki ni za kampuni na ajenti. Hapo sijasikia mwanasiasa wa upande wowote akipaza sauti.

Shida ni kwamba bado tunaiona kama kampuni ya kupiga simu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2022, iliiingizia Safaricom zaidi ya bilioni 107. Simu za sauti zilileta kama bilioni 83. Airtime ndiyo biashara ndogo siku hizi.

Kwani ni benki? Kisheria, hapana. Hela yako huwekwa benki chini ya udhamini. Hata M-Shwari (2012) na Fuliza (2019), mkopo unatoka kwa benki, ingawa unaupata kwa laini yako. Laini inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, malipo yanasimamiwa na Benki Kuu. Mwili mmoja, wazazi wawili.

Ndiyo maana hoja ya kuigawanya kampuni hairudi kaburini. Airtel tayari imetenga Airtel Money. Mimi naunga mkono kutenganisha, angalau Benki Kuu ione vitabu vya pesa peke yake. Lakini anayekuahidi jukwaani kwamba mgawanyo utashusha ile 29, muulize kivipi. Majina mawili mlangoni hayaleti mshindani mpya kule Molo.

Na kuna hili ambalo halisemwi sana: mwaka 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom kwa umma, ikabaki na asilimia 35. Kwa hivyo muuza viazi akitoa 600, Hazina ilipata ushuru wake kwanza, halafu ikangoja gawio.