Bata Waliokimbilia London

Mwezi wa Januari jua la London huchomoza kama saa mbili asubuhi, tena kwa kujivuta. Saa hiyo ukishuka kwenye treni Tottenham Hale na kutembea kidogo kuelekea mashariki, unayafikia mabwawa ya Walthamstow. Yako 10, yalijengwa tangu karne ya 19 ili kuwapatia wakazi wa jiji maji ya kunywa, na kazi hiyo yanaifanya hadi leo. Zamani walioingia humo ni wavuvi na watazamaji wa ndege wenye vibali. Mwaka 2017 milango ikafunguliwa kwa watu wote, bila kiingilio. Asubuhi hii nyasi zimeshika barafu, pumzi inatoka kama moshi, na majini bata wametapakaa.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyezoea kusikia kwamba ndege wa Ulaya huja kwetu baridi inapoingia, ana haki ya kuuliza: hawa nao walikosa nauli? La hasha. Wengi wao wameshasafiri. Wametoka Urusi, nchi za Baltiki na Skandinavia, ambako maziwa yameganda. Kwao London ndiyo kusini penye joto. Upepo wa Atlantiki hupunguza makali ya baridi, na majengo ya jiji nayo huongeza joto kidogo. Bwawa lenye kina pia huchelewa kuganda. Maji huwa mazito zaidi yanapofika karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo ya juu yakipoa huzama na ya chini hupanda. Mpaka bwawa zima lifikie kiwango hicho, uso wake haushiki barafu.

Na miguu je, iliyo mitupu kabisa? Siri iko kwenye mishipa. Ateri inayoshusha damu ya moto imepakana na vena zinazopandisha damu baridi kutoka vidoleni. Damu zikipishana, joto huhama kutoka ateri kwenda vena na kurudi mwilini kabla halijapotelea majini. Wayo hubaki na joto la kutosha tu usigande. Bata hawezi kukosa baridi miguuni. Ila baridi hiyo haimgharimu sana.

Wa kutazama kwa utulivu ni bata mwenye mdomo mpana mfano wa mwiko. Dume lina kichwa cha kijani kibichi, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Kundi lake huzunguka duara, kila mmoja kichwa majini nyuma ya mkia wa mwenzake, na mzunguko huo huvuta juu vijidudu na mbegu kutoka chini. Kingo za mdomo zina vinyweleo vilivyopangwa kwa ukaribu: maji hutoka, chakula hubaki. Jirani yake, bata wa kijivu asiye hodari wa kupiga mbizi, ana ujanja mwingine. Humngoja kukuziwa, yule mweusi mwenye paji jeupe, azame na kuibuka na magugu mdomoni, kisha humpokonya. Kukuziwa anazama tena, na mwizi hasogei.

Lakini sababu ya bata hawa kusafiri hadi London inaanza kupungua nguvu. Majira ya baridi yamekuwa mepesi kaskazini, na baadhi ya bata wa kupiga mbizi sasa huishia Ufini na Uswidi, maadamu maji huko yako wazi. Wakati huohuo, kwenye kingo za mabwawa anatembea yangeyange, yuleyule tunayemjua kwenye mikoko yetu, akikoroga tope kwa vidole vyake vya njano ili samaki washtuke. Uingereza hakuwa akizaliana hadi mwaka 1996, alipotaga kwenye kisiwa cha Brownsea, pwani ya kusini. Siku hizi yuko London mwaka mzima, Januari hii ikiwemo.